Sura ya Tisa: Karatasi ya Jumatatu

“Hakuna kingine kilichoibwa?”

“Hakuna.”

“Kompyuta?”

“Hizo hapo, zote tatu.”

“Darubini?”

“Ipo. Inspekta, nimeshamweleza askari wako wa zamu jana. Ni daftari tu. Daftari moja.”

Mkaguzi wa Polisi Coletha Bura aliandika “daftari moja”, akapiga mstari chini yake. Kwa miaka kumi na saba ya upelelezi hapa Babati alishakutana na wezi waliobeba milango, mabati, hata sufuria na maharage yake yakiwa yanachemka. Mwizi aliyeingia nyumba yenye kompyuta tatu akatoka na kaunta buku, huyo alikuwa hajawahi kumwona.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, pale Maisaka, yenye geti la bluu na kibao kirefu: MRADI WA UTAFITI WA NGOZI NA SARATANI. Mwenye mradi, Dkt. Praygod Mmari, alisimama katikati ya chumba akiwa amevaa kofia. Kofia pana ya kitambaa, yenye pazia la kufunika shingo. Alikuwa mtaalamu wa baiolojia ya molekuli, msomi wa yale yanayotokea ndani ya chembechembe za mwili, na kwa miaka sita alikuwa akikusanya damu na vipande vya ngozi vya watu wa Manyara wenye madoa, vidonda na saratani. Watu walimjua kwa hiyo kofia. Kutoka kwenye gari hadi mlangoni ni hatua kumi na mbili, naye hakuwahi kuzitembea bila kuivaa. Mezani kwake, kando ya kalamu, ulilala mrija wa mafuta ya kuzuia jua.

“Daftari lilikuwa na nini?”

“Majina. Kila anayetoa sampuli anapewa namba. Kwenye kompyuta kuna namba, kwenye friza kuna namba. Jina liko kwenye daftari peke yake, na nakala hakuna. Ndivyo tunavyolinda siri za watu.”

“Bila daftari?”

“Bila daftari nina watu mia mbili na kumi na nne wasio na majina.”

“Na wao bila daftari wana nini?”

“Wao nani?”

“Hao mia mbili na kumi na nne.”

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Babati imepimwa sana. Yamepimwa meno yetu kwa nini ni ya kahawia, umepimwa mkojo wetu, udongo wetu, maziwa ya ng’ombe wetu, na kila aliyekuja na gari na chupa zake ndogo aliondoka akiahidi kurudi na majibu. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuliona hilo gari likirudi. Bura mwenyewe alikuwa darasa la nne walipokuja wa meno. Anakumbuka hata rangi ya gari.

“Unamshuku mtu?”

“Mwanamke mmoja wa Nakwa. Mama Hope. Alikuja wiki tatu zilizopita akapiga kelele hapo getini, eti ataingia achukue mwenyewe. Mlinzi ni shahidi.”

“Ana ugomvi gani na wewe?”

“Sijui. Inawezekana mtoto wake alitoa sampuli mwaka 2019. Wako wengi, Inspekta. Tangu siku ile ya sampuli sijamwona wala sijasikia lolote la nyumba yake, mpaka hizo kelele. Na mimi hata sikutoka nje.”

“Ufunguo wa kabati anao nani?”

“Mimi peke yangu. Huu hapa.” Aliutikisa ukiwa kwenye pete ya funguo za gari. “Nilifunga Ijumaa saa kumi. Jumapili nilikuwa kanisani Bonga, saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Jana Jumatatu nikakuta kufuli limekatwa.”

Bura aliandika yote, neno kwa neno, polepole kuliko alivyohitaji. Kisha akageuza karatasi kumwelekea. “Soma. Weka sahihi kila ukurasa. Na pale kwenye ‘wala sijasikia lolote’, weka sahihi ya pili pembeni.”

“Ya nini?”

“Utaratibu.”

Sajini Tariq, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kuficha cheko. Huo utaratibu alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza.

Kabati lilikuwa la chuma, la kijivu, milango yake miwili inafungwa kwa kufuli la kuning’inia. Kufuli lilikuwa sakafuni, mkono wake umekatwa kwa msumeno wa chuma. Bura hakuligusa. Alipiga magoti, akaomba tochi, akaangalia sakafu chini ya milango. Safi. Akafungua milango akapitisha kidole kwenye rafu ya ndani, ile ya usawa wa kufuli. Kidole kilitoka na unga mweusi unaometameta. Akatoa karatasi nyeupe, akaukung’utia unga huo humo, akaikunja mara nne na kuandika tarehe.

“Na hilo?” Alionyesha kwa kidevu sanduku refu jeupe lililokuwa likinguruma pembeni.

“Friza ya sampuli. Nyuzi themanini chini ya sifuri.” Kwa mara ya kwanza daktari alisogea haraka. “Hiyo msiifungue tafadhali. Ikipata joto kidogo tu, kazi ya miaka sita inaoza.”

“Hatufungui,” alisema Bura. Aliiangalia kwa muda. Kwenye kipaji cha friza, nyuma ya kioo, kulikuwa na karatasi ya duara kama sahani, na sindano nyembamba ikichora mstari mwekundu juu yake, taratibu kama konokono.

Getini alimkuta mlinzi, mzee Baltazar, amekalia ndoo iliyopinduliwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga?”

“Umeiba?”

“Mimi niibe daftari? Kusoma kwenyewe sijui.”

“Nani aliingia hapa Jumapili?”

“Hiyo kamuulize Mungu. Jumapili nilikuwa Galapo kwa shemeji yangu.”

“Lindo uliacha na nani?”

“Na Daktari mwenyewe! Alinipa ruhusa. Ijumaa ananiambia, Baltazar, umechoka, nenda kasalimie ndugu.” Mzee alitema mate pembeni. “Miaka minne niko hapa. Mke wangu alipolazwa niliomba siku mbili nikanyimwa. Sasa hivi ghafla nimechoka. Nikasema basi, wokovu umeingia moyoni mwake.”

Tariq aliwasha gari. “Afande, tunaenda kumkamata mama?”

“Tunaenda kumsikiliza.”

Nakwa, nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, katikati ya shamba la mahindi na mbaazi. Bura alikiona kitu kabla hajabisha hodi. Dirisha la upande wa mashariki lilikuwa limezibwa kwa makaratasi magumu yaliyogandishwa kwa uji, na mengi kati yake yalikuwa mekundu. Makava ya kaunta buku.

“Afande,” alinong’ona Tariq. “Mekundu hayo.”

“Naona.”

Mwanamke aliyetoka alikuwa mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, mikono ina unga wa mahindi.

“Mama Hope?”

“Mama Nikodemu,” alijibu. “Karibuni.”

“Tumeambiwa Mama Hope.”

“Huko mlikoambiwa wana haraka. Majirani walianza kuniita hivyo baada ya kumzika Nikodemu, mwaka jana mwezi wa pili. Kwa kunihurumia, ili nisimkumbuke kila nikiitwa. Nimewakatalia. Nikodemu ndiye wa kwanza kunifanya mama. Jina langu ni lake.”

Bura aliangalia saa yake, kisha akafungua daftari lake ukurasa wa maelezo ya daktari, akasoma mstari mmoja, akafunga.

“Mama Nikodemu, mimi ni Inspekta Bura. Daftari la mradi limeibwa. Naomba nione haya makava.”

“Bandua.”

Bura alibandua moja. Ndani lilikuwa na mhuri wa shule ya msingi na jina la mwanafunzi wa darasa la sita. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa la mahesabu ya darasa la tano. Mwalimu mmoja jirani alikuwa amempa mzigo wa madaftari ya zamani.

“Na dirisha unaziba kwa nini?”

Kutoka gizani ndani, sauti ya mtoto ilijibu kabla ya mama. “Ili jua lisinikute!”

“Hope, nyamaza.”

“Mama, ni polisi? Wana bunduki?”

“Hatuna,” Tariq aliitikia. “Tuna njaa tu.”

Mtoto alicheka. Mama hakucheka. Bernadeta, hilo ndilo jina alilobatizwa, aliketi kwenye kizingiti akawaeleza. Nikodemu alizaliwa mzima. Alipofika miaka miwili madoa meusi yakamjaa usoni kama amenyunyiziwa matope. Watu wakasema amerogwa. Mwaka 2019 likaja gari la mradi, likachukua kipande cha ngozi ya Nikodemu na tone la damu la Hope, aliyekuwa mgongoni, mchanga wa miezi sita. Wakaambiwa majibu yatakuja. Nikodemu akakua. Akaanza kuchunga mbuzi.

“Nilimpeleka machungani mwenyewe,” alisema. “Kila asubuhi nilimwamsha mwenyewe. Anasema mama, macho yanauma. Namwambia, mbuzi hawajui macho yako, amka. Kidonda kikatokea puani. Kikala pua. Kikala jicho. Alikuwa na miaka tisa.”

Bura hakuandika.

“Mwezi jana Irine, yule binti anayefanya kazi kwa Daktari, akaja hapa analia. Amekuta karatasi. Kumbe ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Kumbe jua linamharibu kila mtu, ila mimi na wewe mwili unajitengeneza upya, na mtoto wa namna hiyo ndani yake hakuna fundi. Kumbe dawa yake ni kivuli. Kofia na kivuli! Daktari alijua Nikodemu akiwa na miaka sita.” Alikung’uta unga mikononi. “Nikaenda getini. Nilitaka kitu kimoja. Hope ana namba gani, na hiyo namba inasemaje. Basi. Simwachi Hope atoke mchana wiki ya nne hii. Ana miaka sita, anacheza na mwanga wa tundu la ufunguo. Kama hana ugonjwa, namfunga bure. Kama anao, nikilegea siku moja nimemuua kama nilivyomuua kaka yake.”

“Ulisema utaingia uchukue mwenyewe.”

“Nilisema. Na ningeingia, Inspekta. Nilishaazima nyundo kwa fundi Melkiadi, kamuulize. Mwenzangu kanitangulia.” Alimtazama usoni. “Ukimpata huyo mwizi, kabla hujamfunga, mwambie anisomee jina moja.”

Irine alikuwa nyumbani kwao Bonga, anapukuchua mbaazi kwenye ungo. Jumatatu asubuhi daktari alimrudishia getini, hata ndani hakukanyaga. Alisimamishwa kazi.

“Unajua unashukiwa?” Bura aliuliza.

“Najua. Nimevujisha siri ya mradi.”

“Uliiba daftari?”

“Ningelichukua mimi, Afande, saa hizi ningekuwa kwenye bodaboda napita nyumba kwa nyumba. Usingenikuta na ungo.” Aliingia ndani akarudi na karatasi zilizokunjwa ndani ya Biblia. “Nilitoa kopi. Ni makala anayotaka kuipeleka nje ichapishwe. Somea hapa nilipoweka mstari.”

Ilikuwa kwa Kiingereza. Bura aliisoma mara mbili, kisha akamtafsiria Tariq. Watu kumi na mmoja wamethibitika kuwa na hitilafu hiyo, matokeo yalipokelewa Novemba 2021. Mgonjwa wa 31, wa kiume, aliyekuwa na miaka minne alipopimwa, uvimbe wa pua na jicho, amefariki Februari 2024. Jumla ya watatu wamefariki katika kipindi cha ufuatiliaji.

“Ufuatiliaji,” alirudia Tariq. “Yaani alikuwa anawaangalia.”

“Alikuwa anapiga simu kwa watendaji wa vijiji,” alisema Irine. “Anauliza fulani yupo hai? Nilidhani anawajali. Huyo wa miaka minne mwenye uvimbe wa pua nikamjua, maana kidonda chake nilikuwa nakwenda kukisafisha mimi, miezi yake ya mwisho. Namba za wengine siwezi kuzikumbuka. Hope siku ile alilia sana tukamweka mwisho, hata namba yake haikufuatana na ya kaka yake.”

“Kwa nini hakuwaambia?”

“Nilimuuliza. Akasema utafiti ukishatangazwa kabla ya kuchapishwa, wengine wanaudandia. Akasema subira.” Alipeta mbaazi kwa hasira, makapi yakaruka. “Na kesho Jumatano inakuja kamati ya maadili ya utafiti. Swali lao ni moja. Waliopimwa walipewa majibu?”

“Na daftari likiwa limeibwa?”

“Atasema alikuwa anajiandaa kuwapa, bahati mbaya mwizi kaingia. Watamwonea huruma. Watampa muda.”

Bura alizikunja zile karatasi. “Ile karatasi ya duara kwenye friza. Ni ya nini?”

“Inaandika joto. Mlango ukifunguliwa, joto linapanda, sindano inaruka. Inazunguka wiki nzima. Kila Jumatatu saa mbili naibadilisha, naweka mpya, na kila mruko naandika kwa penseli ulikuwa wa nini. Wiki hii sikubadilisha, si nilifukuzwa getini? Itakuwa bado ile ile.”

“Daktari anabadilisha akiwa zamu?”

Irine alicheka kwa mara ya kwanza. “Daktari? Miaka sita hajawahi. Kazi ya friza ni ya wa kufagia. Nadhani anafikiri ni saa ya ukutani.”

Saa nane na nusu mchana, Bura alirudi Maisaka na hati ya upekuzi. Alikuwa na Irine. Tariq alikuwa amemfuata Bernadeta, baada ya Hope kuachiwa bibi wa jirani kwenye kile chumba cha giza. Daktari alipomwona Bernadeta mlangoni alirudi nyuma mpaka kiuno kikagonga meza.

“Umemkamata. Vizuri.”

“Keti, Daktari.”

“Nimesimama tu.”

“Keti.”

Aliketi.

Bura alifungua karatasi aliyoikunja mara nne, akaiweka mezani. “Huu ni unga wa kufuli lako. Kufuli linaning’inia nje ya milango. Mtu akilikata likiwa limefungwa, unga unaangukia nje, sakafuni. Mimi nimeukuta ndani, kwenye rafu. Kwa hiyo lilikatwa milango ikiwa wazi. Aliyelikata alifungua kwanza kwa ufunguo, akatoa alichotaka, kisha kwa utulivu akalilaza kufuli lake mwenyewe kwenye rafu akalikata. Ufunguo anao nani?”

“Inawezekana mtu alichonga—”

“Subiri. Uliniambia hujasikia lolote la nyumba ya huyu mama tangu 2019. Umeweka sahihi mbili. Mwaka 2019 aliitwa Mama Nikodemu. Watu wameanza kumwita Mama Hope baada ya kumzika mtoto. Wewe unalitumia hilo jina jipya. Nani alikupa habari za msiba, mtendaji wa kijiji?”

Daktari aligeukia Irine. “Wewe.”

“Usimwangalie yeye,” alisema Bernadeta. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Niangalie mimi.”

Hakumwangalia.

Bura alisogea kwenye friza. “Irine, soma hiyo karatasi.”

Irine alifungua kioo. Kidole chake kilifuata mstari mwekundu. “Jumatano mruko, nimeandika ‘sampuli kuingia’. Alhamisi mruko, ‘kufuta barafu’. Ijumaa hakuna. Jumamosi hakuna. Jumapili…” Kidole kilisimama. “Jumapili saa nne na dakika arobaini. Mruko mkubwa. Mlango ulikaa wazi kama dakika tano. Hakuna penseli.”

“Ningesema ni wewe,” Bura alimwambia. “Ufunguo wa friza unao. Lakini wewe unajua sindano inaandika. Ungeitupa hiyo karatasi ukaweka mpya. Mzee Baltazar hajui hata friza inafanya nini, na siku hiyo alipewa likizo ya kwanza maishani mwake. Aliyefungua Jumapili ni mtu mwenye ufunguo ambaye miaka sita hakuwahi kumuuliza mfanyakazi wake anabadilisha nini kila Jumatatu.” Akageuka. “Ibada ilikuwa nzuri, Daktari?”

Daktari aliutazama mstari mwekundu kwenye karatasi.

“Irine, vaa glavu. Fungua.”

“Inspekta, sampuli!”

“Dakika tano zilivumilia Jumapili. Leo zitavumilia mbili.”

Mvuke mweupe ulimwagika hadi sakafuni. Irine alivuta rafu ya juu, ya pili, ya tatu. Chini kabisa, nyuma ya maboksi ya namba, alitoa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Ndani yake kulikuwa na kaunta buku jekundu, gumu kama ubao. Alipoliweka mezani liligonga.

“Nilikuwa nalihifadhi,” alisema daktari. “Hamwelewi. Nisingeliharibu. Ningeweza kulichoma, si nimeliweka? Mwaka mmoja tu, makala itoke, halafu ningerudi kwa kila mmoja—”

“Mwaka mmoja,” alisema Bernadeta, “kwa mtoto gani?”

Kurasa zilikuwa zimegandana. Irine alisema zikifunuliwa hivyo majina yatachanika, lazima kusubiri. Wakasubiri. Dakika arobaini. Bernadeta alivuta kiti hadi mezani, akaketi akilitazama daftari kama mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji. Tone la maji lilipotokea pembeni ya kava alilifuta kwa kidole kabla halijateremka.

Ilipofika saa kumi kasoro, kava liliinuka lenyewe kidogo.

“Daktari,” alisema Bura. “Fungua kompyuta. Soma hizo namba kumi na moja. Irine atatafuta jina.”

“Hiyo ni siri ya wagonjwa. Kisheria siwezi mbele ya—”

“Mia mbili na kumi na nne walikuwa siri yako miaka sita. Soma.”

Alisoma. Sauti ilikuwa kavu. “Saba.”

Irine aliinua ukurasa kwa ncha ya kisu. “Hezekia, Bonga. Yupo hai.”

“Kumi na tisa.”

“Huyu amefariki.”

“Thelathini na moja.”

Irine hakulitaja. Bernadeta alilitaja mwenyewe, lote, la kwanza, la baba na la ukoo, kama anayeitika shuleni.

“Arobaini na nne.”

“Eliakunda, hapa hapa Maisaka. Yupo.”

“Hamsini na nane.”

Ukurasa ulikuwa umeshikana. Irine alipuliza kwa pumzi ya mdomo, akapuliza tena, ukaachia. Alisoma kimya. Kisha akainua macho, wala hayakwenda kwa Bura.

Bernadeta aliona. Aliweka viganja vyote viwili mezani. Aliposema, alisema taratibu. “Kwa hiyo nilifanya vizuri kuziba dirisha.”

“Ulifanya vizuri,” alisema Irine.

“Kwa hiyo yupo hai kwa sababu ya makava ya madaftari.”

Aliinuka akamwendea daktari. Tariq alitaka kusogea, Bura akamzuia kwa mkono. Bernadeta alisimama karibu naye kiasi kwamba ilibidi daktari ainue uso.

“Sikupigi,” alimwambia. “Nilitaka. Nyundo ninayo. Lakini nikikupiga utakuwa wewe ndiye uliyeumizwa, na watu watakuletea uji hospitali. Endelea kusoma.”

Alisoma zote. Wanane walikuwa hai. Mkubwa wao alikuwa na miaka ishirini na mbili, mdogo alikuwa Hope. Irine aliandika orodha, Bura akaipiga mhuri.

“Sasa nisikilizeni,” alisema daktari, akijikusanya. Sauti ya mhadhara ilikuwa imeanza kumrudia. “Kosa hapa ni kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Nalijua hilo kosa. Ni dogo. Nina mwanasheria, kesho nitakuwa nje.”

“Ni dogo kweli,” alisema Bura. “Lakini jana wewe mwenyewe ulifungua jalada la wizi wa daftari lenye majina mia mbili na kumi na nne. Hao wote ni mashahidi wangu. Lazima niwafikie, kila mmoja, niandike maelezo yake, nimwambie jalada linahusu nini. Utaratibu. Naanza na hawa wanane, leo. Na wewe kama mlalamikaji unakuja kunionyesha. Mlango kwa mlango. Unabisha hodi wewe, unamweleza mwenye nyumba wewe, kwa Kiswahili kinachoeleweka: nilijua Novemba 2021, sikusema, mfunike mtoto. Mimi naandika. Kesho kamati ikifika itakuta maelezo yote juu ya meza, na hili lako lenye sahihi mbili liko juu kabisa.”

“Huwezi kunilazimisha.”

“Tariq, pingu.”

Pingu zilipolia, daktari alikuwa ameshachukua kofia mezani kwa mkono wa kushoto, kwa mazoea, bila kufikiri. Nje jua la saa kumi lilikuwa bado linapiga ua lote, mpaka getini kwenye gari la polisi. Hatua kumi na mbili.

“Kofia iache,” alisema Bernadeta.

Daktari alimtazama Bura. “Inspekta, ngozi yangu—”

“Ngozi yako ina fundi,” alisema Bernadeta. “Iache.”

Vidole vilifunguka. Kofia ilibaki mezani, kando ya mrija wa mafuta. Mzee Baltazar alifungua geti, akasimama wima pembeni kama siku anapopita mkuu wa mkoa, huku bosi wake akivuka ua kichwa wazi, macho ameyafinya, mikono imefungwa mbele.

Bernadeta hakuwa ametoka. Aliigusa kofia, akaigeuza, akapima upana wake kwa shubiri, kisha pazia la shingo.

“Inspekta. Hii ni kielelezo?”

Bura alifungua fomu ya vielelezo. Daftari jekundu, moja. Kufuli, moja. Unga wa chuma, kifurushi kimoja. Karatasi ya friza, moja. Alisoma mpaka mwisho, akafunga.

“Haimo.”

“Na haya mafuta?”

“Hayamo.”

Bernadeta alichukua vyote viwili, akavifungia kwenye pindo la kitenge. “Basi tuanzie Nakwa,” alisema. “Kuna mtu hajatoka nje wiki ya nne. Nataka atoke aje amsikie.”